Banjo ya nyuzi tano: nani anajua ule upigaji wa zamani wa kushusha ukucha?

Adungu_Nebbi:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mpiga adungu, kile kinubi chetu Waalur, kwenye kwaya hapa Nebbi, Uganda. Mwaka jana padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia banjo yake ya nyuzi tano pamoja na sanduku lake, bila kitabu wala maelezo. Ni chombo kizuri sana: bakuli la mbao nyuma, ngozi ya plastiki mbele, na ule uzi mmoja mfupi ambao kigingi chake kimekaa ubavuni mwa shingo.

Gitaa naligusa kidogo, kwa hiyo nilianza kuipiga kama gitaa. Sauti inatoka, lakini siyo ninayoitafuta. Ninayoitafuta ni ile ya wazee wa milimani Marekani, weusi kwa weupe, ambao mkono wa kulia umekunjwa nusu na unashuka tu, unashuka tu, na bado unasikia mambo matatu kwa wakati mmoja: wimbo wenyewe, mdundo wa kuchezesha watu, na uzi mmoja unaolia juu bila kunyamaza. Nimetazama video mpaka bando ikaisha. Wanaenda mbio mno, na hata nikizipunguza kasi bado sioni gumba linafanya nini.

Kwa hiyo naomba msaada. Kidole kinashuka kweli au macho yangu yananidanganya? Gumba linaingia wakati gani? Nyuzi nizipange vipi? Na tatizo la haraka: uzi wa kwanza umekatika, na nimeuliza hapa Nebbi hadi Arua, hakuna duka lenye nyuzi za banjo.

Itanda_Jinja:

Ndugu wa Nebbi, umenifurahisha. Nilidhani niko peke yangu nchi hii.

Mimi niliongoza watalii kwenye mawimbi ya Nile hapa Jinja, tangu enzi maporomoko ya Bujagali bado yapo, kabla bwawa halijayafunika. Upigaji huu nilifundishwa kambini Itanda na mpiga kasia mmoja wa North Carolina. Mchana alikuwa majini, jioni anakaa kwenye gogo na banjo yake mpaka mbu wamfukuze. Hakuwa mtu wa maneno. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaukunja alivyotaka, akasema usiubadilishe. Nitajaribu kukuandikia kile ambacho mkono wake ulinionyesha.

Macho yako hayakudanganyi. Kidole kinashuka, na hakipandi kamwe na sauti. Wenyewe wanauita mtindo huu klohama. Wanaotumia kidole cha shahada wapo, wanaotumia cha kati wapo. Mimi natumia cha kati kwa sababu ukucha wake ni mgumu zaidi. Kunja vidole vyote vinne nusu, vikae pamoja, mgongo wa ukucha utazame nyuzi. Gumba liache wazi, linyooke kuelekea uzi wa tano, ule mfupi. Sasa hilo umbo ligande. Kinachotembea ni mkono, kuanzia kwenye kiwiko na kumalizia kwenye kifundo. Kidole chenyewe hakichokonoi wala hakirushwi, kinabebwa.

Hapa ndipo wewe mpiga adungu utapata shida ya kwanza, nakwambia mapema ujiandae. Kwenye adungu vidole vinavuta uzi kuja kiganjani. Mkono wako umeijua njia hiyo tangu utotoni, na kila ukichoka utairudia bila kujijua. Ukisikia sauti imekuwa laini na nyembamba ghafla, tazama kidole: kimeanza kuvuta. Simama, kunja upya, anza tena.

Sasa gumba, ambalo ndilo hasa ulilouliza, na ndilo ambalo video haiwezi kukuonyesha. Gumba halina safari yake. Kidole kinapogonga uzi wake, gumba linatua juu ya uzi wa tano papo hapo, kwa tendo lile lile la kushuka, na linakaa pale kimya. Halijapiga kitu bado. Mkono unapoinuka kujiandaa kushuka tena, gumba linauachia uzi, na ndipo uzi unalia. Kwa hiyo sauti ya gumba inatokana na mkono kuondoka. Ndiyo maana ukitazama video huoni gumba likipiga: unatafuta pigo, na pigo halipo.

Hesabu yake ni hii: moja, mbili-na. Moja, mbili-na. Kwenye "moja" ukucha unagonga uzi mmoja, ule wenye sauti ya wimbo. Kwenye "mbili" ukucha unapangusa nyuzi mbili tatu za mwanzo kwa pamoja. Kwenye "na" gumba linaachia uzi wa tano. "Moja" ni ndefu, "mbili" na "na" ni fupi, na hizo fupi mbili zinajaza nafasi sawa na ile ndefu. Gumba linatua kwenye uzi wake mara zote mbili mkono unaposhuka, hata kwenye "moja" ambapo halitalia. Wanaoruka hatua hii mdundo wao unachechemea.

Kama umewahi kukaa karibu na embaire, ile marimba kubwa ya mbao huku Busoga, umeona jinsi mmoja anavyopiga, na mwenzake anaingiza pigo lake katikati ya mapigo yake, hawagongani, na wewe msikilizaji unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Kidole na gumba ni wale wawili. Gumba likiwahi au likichelewa, wimbo unavunjika hata kama noti zote ni sahihi.

Ushauri wangu mkuu, ambao ukichukua huu na kuacha mengine yote bado utafika: sahau mkono wa kushoto kwa muda. Ulaze juu ya nyuzi uzibe sauti, usikie tu tak, tak-tak, tak, tak-tak. Fanya hivyo polepole kuliko unavyodhani inafaa. Washa redio, fuata wimbo wowote unaopigwa, hata kadongo kamu, ule muziki wa gitaa wa Baganda, inakubali. Ukiwa na sauti za kupendeza unaanza kuzikimbilia na mkono wa kulia unaharibika. Bila sauti unabaki na mdundo peke yake, na huko ndiko banjo inakoishi.

Ukucha: uwe umezidi nyama kidogo tu. Mimi kazi ya kasia ilikuwa inazimaliza kucha zote, yule mwalimu akanikatia kipande cha kimpira cha tenisi ya meza, akakichonga umbo la ukucha, tukakibandika juu ya wangu kwa supa gluu. Kinadumu siku kadhaa, na sauti yake ni nzuri kuliko ukucha uliovunjika.

Mpango wa nyuzi nakupa kwa solfa kwa kuwa wewe ni mtu wa kwaya. Wa kawaida ni wa G: uzi wa nne so ya chini, wa tatu do, wa pili mi, wa kwanza so, na ule mfupi wa tano do ya juu. Ukizipiga bila kubonyeza chochote unapata kodi kamili, yaani sauti zinazopatana pamoja. Ukitaka nyimbo zile za wazee zenye huzuni, kaza uzi wa pili tu, mi iwe fa. Jaribu, utasikia chombo kinabadilika tabia. Kuna na mpango mwingine unaopendwa kwa nyimbo za dansi: uzi wa nne shusha mpaka C, wa pili kaza mpaka C. Hapo do yako ni C, kwa hiyo kutoka wa nne kuja wa kwanza unapata do, so, do, re, na uzi mfupi unakuwa so. Anza na ule wa kwanza.

Jambo moja zaidi: bakuli la nyuma lifungue uliweke kabatini. Ni skrubu chache. Wapigaji wa zamani wengi wanatumia banjo iliyo wazi nyuma, sauti inakuwa ya duara zaidi na chombo kinakuwa chepesi. Kisha pachika kitambaa laini kati ya ngozi na ile fimbo inayopita ndani. Kinaondoa mwangwi wa bati. Na ugonge karibu na pale shingo inapoanzia, usigonge karibu na daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi.

Fundi_Mpambire:

Habari ya huko. Mimi ni fundi wa ngoma hapa Mpambire, barabara ya Masaka, Kiswahili nilikipata Nairobi nikiuza ngoma zetu. Banjo zimewahi kuletwa kwangu kubadilishwa ngozi, kwa hiyo nitasema kuhusu chombo, upigaji namwachia mzee wa Jinja.

Nyuzi zisikusumbue. Nunua seti ya gitaa la umeme, ile nyembamba ambayo namba ya unene inaanza na 9. Usichukue ya gitaa la kawaida, ni nzito, shingo ya banjo itapinda. Uzi wa pili, wa tatu na wa nne wa gitaa ndio hao hao wa pili, wa tatu na wa nne wa banjo, sauti zao ni zile zile kabisa, B, G na D. Uzi wa kwanza wa gitaa unakuwa wa kwanza wa banjo ukishushwa hadi D, na mwingine kama huo unakuwa wa tano. Kwa hiyo utahitaji nyuzi mbili za kwanza, mwambie mwenye duka akuongezee mmoja. Kampala zipo, mtu anakuwekea kwenye basi la Nebbi.

Mwishoni mwa uzi wa gitaa kuna punje ya shaba, na banjo nyingi mkiani, pale nyuzi zinapofungwa, zinataka kitanzi kitupu. Chukua koleo, bana ile punje taratibu mpaka ipasuke na kudondoka. Kinabaki kitanzi safi. Usikate.

Ukipenda, nyuzi za naironi za kuvulia samaki, hizo hizo mnazotumia kwenye adungu, zinakubali pia, na sauti yake inakaribia ile ya utumbo wa mnyama waliyotumia watu wa zamani. Ila zifunge kwa fundo mkiani, na ujue zitalegea siku za mwanzo.

Daraja halijagundishwa, linashikiliwa na nyuzi tu. Kwa hiyo usizitoe nyuzi zote mara moja, badilisha mmoja mmoja. Ukimaliza, gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo) bila kubonyeza, usikie ile sauti nyembamba. Kisha bonyeza freti ya 12 ile ile upige. Sauti ziwe sawa. Ukibonyeza ikawa juu zaidi, sogeza daraja nyuma kuelekea mkiani. Ikawa chini, lisogeze mbele. Usipolipanga hili utapanga nyuzi mpaka usiku na bado zitagombana.

Plastiki iache kama ni nzima. Ukitaka ngozi ya mbuzi nitakufungia, lakini Nebbi kiangazi chenu ni kikali, Desemba mpaka Februari ngozi itajikaza sana, itabidi ulegeze skrubu kabla haijapasuka, na mvua ikija uikaze tena. Ukikaza, kaza upande huu kidogo, kisha upande wa mkabala kidogo. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, pete inalala upande.

Nyanya_za_Wandegeya:

Samahani wakubwa zangu, naingia nikiwa mwanafunzi wa muziki Makerere. Swali langu ni la nia njema. Kwa nini kijana wa Nebbi, nyumbani kwa adungu, ajitese na mtindo wa milima ya Marekani? Na yule Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, alikuja hapa Uganda mwaka 2005 na banjo yake, akapiga na wanamuziki wetu hadi Busoga, na hakuwa anashusha ukucha. Si angefuata ule?

Nasema haya nikijua chimbuko la banjo ni Afrika. Lakini ni Afrika Magharibi. Nimechoka kusikia watu wakidai kwamba banjo ilitoka kwenye endongo yetu, kile chombo cha nyuzi cha Baganda. Endongo ina mikono miwili na boriti juu, haina shingo ya kubonyezea. Ni ukoo mwingine. Tusijipe kisichokuwa chetu.

Itanda_Jinja:

Binti yangu, umesema kweli kuhusu endongo, na nakushukuru kwa kulisema wazi.

Fleck ni bingwa, na nilimheshimu kwa kuja. Lakini yeye anapiga kwa vidole vitatu vilivyovishwa kucha za chuma na plastiki, njia iliyotangazwa na Earl Scruggs alipojiunga na bendi ya Bill Monroe mwishoni mwa 1945. Ni kazi ya ajabu, ni ya kasi, ni ya jukwaani. Ndugu yetu ameomba iliyotangulia.

Na hiyo iliyotangulia ndiyo yenye Afrika ndani yake, ndiyo sababu naipigania. Wajola wa Gambia na wa Casamance kule Senegal wana chombo kinaitwa ekonting: kibuyu, ngozi ya mbuzi, fito ndefu, nyuzi tatu, mmoja wao mfupi. Mpigaji anashusha ukucha wa kidole kimoja kwenye nyuzi ndefu na gumba linaudaka ule mfupi. Daniel Laemouahuma Jatta, Mjola wa Gambia, ndiye aliyewaonyesha watafiti wa Marekani na Ulaya, na mwaka 2000 alikwenda nayo Marekani. Wapigaji wa klohama walipouona mkono wake walitambua wa kwao. Vitabu vya kwanza vya kufundishia banjo kule Marekani, kama kile cha Briggs cha 1855, vinafundisha pigo hilo hilo la kushuka. Na Hans Sloane alikuwa tayari amechapisha mwaka 1707 picha ya vyombo vya namna hiyo alivyoviona kwa watumwa wa Jamaika. Watu walichukuliwa bila chochote, na bado mkono ulikumbuka.

Halafu muziki huu ulipogeuzwa kuwa dhihaka ya watu weusi kwenye majukwaa ya wazungu waliojipaka masizi, weusi wengi waliuacha, na nani angewalaumu? Lakini si wote. North Carolina walikuwapo Dink Roberts, John Snipes, na Odell Thompson aliyepiga na binamu yake Joe mwenye fidla. Rhiannon Giddens na wenzake walikwenda kujifunza nyumbani kwa mzee Joe baada ya 2005. Kwa hiyo kijana wa Nebbi akishika mtindo huu hajaiacha adungu. Anapokea kitu ambacho kilichukuliwa kwa nguvu kutoka bara hili na kikatunzwa kwa shida. Mimi nikipiga naliona hilo kila mara, na silioni kuwa jambo dogo.

Nyanya_za_Wandegeya:

Nimekuelewa, mzee. Hao Dink Roberts na Snipes nitawatafuta. Ila nitaendelea kumsukuma ndugu yetu apige nyimbo za Kialur juu ya hiyo banjo.

Itanda_Jinja:

Msukume, binti. Hata mimi nataka kuzisikia.

Adungu_Nebbi:

Asanteni sana, wazee na dada. Nyuzi zilifika na basi, nimebana ile punje kama fundi alivyosema, na daraja nimelipanga kwa freti ya 12. Chombo sasa kinakubaliana na chenyewe.

Bakuli nimelifungua. Mkono wa kushoto nimeulaza juu ya nyuzi na redio nimeiwasha, mpaka mke wangu ananiuliza nitaanza kupiga lini. Siku moja gumba likaanza kuachia lenyewe bila mimi kulifikiria, nikasikia kile kilio cha juu kikizunguka peke yake. Nilicheka kwa sauti.

Dada wa Makerere, nimejaribu wimbo mmoja wa Kialur ambao tunaupiga kwa adungu. Mpango wa mi kuwa fa ndio unaoufaa. Lakini nimekwama hapa: wimbo una noti kwenye nafasi ya "na", pale gumba linapoachia uzi wa tano. Kidole kimeshapita. Noti hiyo naipata wapi?

Itanda_Jinja:

Sasa umefika penye utamu. Kuna njia mbili, na jifunze zote.

Ya kwanza ni mkono wa kushoto. Ukucha unagonga uzi ulio wazi, kisha kidole cha kushoto kinadondoka kwa nguvu juu ya freti na kuitoa noti ya pili bila mkono wa kulia kufanya lolote. Au kinyume chake: umebonyeza, unagonga, kisha kidole cha kushoto kinauchomoa uzi kwa pembeni na uzi wazi unalia. Gumba linaweza kutua na kuachia kama kawaida juu ya hayo yote.

Ya pili ni kudondosha gumba. Badala ya kutua kwenye uzi wa tano, gumba linatua ndani, kwenye uzi wa pili au wa tatu, pale noti yako ilipo, na linaachia kwa wakati ule ule wa "na". Kidole lazima kiwe kimegonga uzi ulio chini ya ule wa gumba, yaani ulio karibu zaidi na ardhi. Kwa hiyo kidole uzi wa kwanza, gumba uzi wa pili. Umbo la mkono ni lile lile, ila gumba linakunjwa kidogo kuingia ndani. Anza hivi, polepole: kidole wa kwanza, gumba wa pili, kidole wa kwanza, gumba wa tano. Zungusha hiyo mpaka sauti nne ziwe sawa kwa nguvu na kwa nafasi, hakuna inayopiga kelele kuliko mwenzake. Gumba likidondoka litataka kugonga kwa nguvu, likataze.

Na usidondoshe kila mahali. Wazee wanalidondosha pale wimbo unapodai tu, kwingine kote gumba linabaki kwenye uzi wake mfupi, likilia. Andika hapa solfa ya huo wimbo wa Kialur, nikuonyeshe ni noti zipi za kushoto na zipi za gumba.

Adungu_Nebbi:

Naiandika leo jioni baada ya mazoezi ya kwaya.